Mtoto wa Siku Tisa Bila Choo

Leo nimeadhirika, jamani. Si kidogo. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa Laela kwa sababu hapa kijijini hakuna wa kumsimulia. Wote walikuwepo.

Mnajua kwamba tangu nimzike mke wangu kwao Muze, kule bondeni kwenye joto, naishi peke yangu. Msichojua ni kwamba nilirudi na kinyonga. Nilimkuta kwenye ua wa wakwe, akapanda mkononi mwangu, nami sikuwa na moyo wa kumshusha. Nikamwita Mkaguzi, maana jicho moja hutazama mlango na lingine hutazama chungu. Huku kwetu kinyonga ni mkosi, kwa hiyo nilimficha. Kijiji hiki cha ujamaa nyumba zimepangwa mstari mmoja, ukipiga chafya jirani anaitikia, lakini Mkaguzi hana kelele. Miezi mitano tumekula pamoja. Mimi ugali, yeye panzi.

Sasa ni siku ya tisa hajapata choo. Tumbo limejaa, macho yamezama. Leo asubuhi, kwa baridi hii ya kukata masikio, nimemkuta mweusi tii na panzi hamtaki. Nikaona huyu naye ananiacha. (Ndiyo, nililia. Fundi baiskeli mzima. Endeleeni kusoma.)

Nikakimbilia zahanati. Njiani nikawaza: nikisema kinyonga, nafukuzwa kabla sijaketi. Basi nikasema mtoto.

Nesi Matilda ni binti mwenye adabu zake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nina mtoto nyumbani, siku tisa hajapata choo."

Akashtuka. Hakujua kama nina mtoto. Nani angejua?

"Ana umri gani?"

"Miezi mitano." (Nilihesabu tangu Muze.)

"Ananyonya?"

"Hapana. Mama yake hayupo."

"Pole, baba. Sasa anakula nini?"

Mwongo mzuri hapo angesema uji. Mimi nilikuwa nimechoka, ukweli ukanitoka wenyewe.

"Panzi."

Kalamu ikamdondoka.

"Mtoto wa miezi mitano unampa panzi?"

"Anawapenda. Kumbikumbi pia, wakipatikana."

"Mungu wangu! Analia sana?"

"Hajawahi kulia."

"Rangi yake ikoje?"

"Jana alikuwa kijani. Leo mweusi."

Nesi Matilda akasimama. Akasema nirudi nyumbani, nisimpe kitu chochote, wala nisimsogezee panzi mwingine, yeye anakuja. Nikajua nimeharibu. Nikaondoka mbio na sikupewa hata tone la dawa.

Nyumbani nikafunga mlango, nikachemsha maji, nikayapooza kwenye beseni. Nikavua shati nisililoweshe. Nikamweka Mkaguzi kwenye maji ya vuguvugu, nikawa namkanda tumbo kwa kidole kimoja, polepole, huku nikimbembeleza: "Sukuma, baba. Sukuma kidogo. Usiniache, mwanangu." Kisha nikamfunga kwenye kitenge cha marehemu ili apate joto, nikamkumbatia kifuani, nikaanza kumwimbia. Sauti yangu mnaijua. Msinikumbushe.

Kumbe nje walikuwa wanasikia yote.

Nesi alikuwa amempitia Mzee Kasiano, balozi wetu wa nyumba kumi, kwa sababu mtoto asiyeandikishwa ni kosa la balozi. Mzee Kasiano naye akamwita Mama Kalista, ambaye hakosekani penye uzazi wala penye msiba. Mama Kalista akaja na wenzake watatu, kitenge chake cha kanisani mwilini na kibuyu cha uji wa ulezi mkononi. Wanawake wawili walikuwa tayari wanafuta machozi.

Mlango ukasukumwa. Watu sita ndani kwangu! Mimi kifua wazi, kitenge mikononi.

"Hodi haina maana tena," akasema Mzee Kasiano, daftari limefunguliwa. "Mtoto anaitwa nani?"

"Mkaguzi."

Akaandika! Naapa, aliandika.

"Maskini malaika wa Mungu," akasema Mama Kalista. "Mlete kwa bibi yake."

Akaweka kibuyu chini, akanyoosha mikono. Ndani kwangu kuna giza, dirisha nimeliziba kwa sababu ya upepo. Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema kitu. Nikampa.

Akafunua kitenge ambusu. Mkaguzi akamgeuzia jicho moja. Na hapo hapo, baada ya siku tisa za kuninyima usingizi, akaachia vyote kwenye kitenge cha kanisani.

Yowe lile mlilisikia huko Laela, msinidanganye. Mama Kalista akarusha furushi juu. Balozi akapanda kwenye kigoda. Mimi nikaruka, nikamdaka Mkaguzi, nikaangukia ndani ya beseni, maji yakaruka mpaka kwenye daftari. Nikakaa mle mle, nimelowa suruali yote, nikainua mikono na kupiga kelele kwa furaha:

"Ametoa choo! Ametoa choo, jamani!"

"Fundi," akasema Mzee Kasiano kutoka juu ya kigoda, "huyu ndiye mtoto?"

"Ndiye."

Akachana ukurasa. Akasema mpaka Jumapili asimkute huyo mdudu kijijini. Wakatoka wakitema mate chini, Mama Kalista ameshika kitenge chake kwa ncha za vidole. Akabaki Nesi Matilda mlangoni. Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Huyu ni wa bondeni, baba," akasema. "Baridi ya huku ndiyo iliyomfunga tumbo. Ukiendelea kukaa naye utamuua."

Kwa hiyo kesho nampeleka Muze kwenye joto lake. Sasa hivi yuko begani kwangu, amerudi kuwa kijani, ananiangalia ninavyoandika. Uji waliuacha, hakuna aliyetaka kubeba chakula kilichokaa chumba kimoja na kinyonga. Nimeunywa wote. Ulikuwa bado wa moto. Tangu msibani hakuna aliyeniletea uji, na huu nao haukuwa wangu.

Nawaombeni msicheke. Na kama lazima mcheke, njooni mchekee hapa nyumbani kwangu.