Mama Mkwe na Foleni ya Kipaumbele

Jumatatu, 8 Julai

Imeamuliwa. Likizo hii tunakwenda Termas do Tamanduá. Hatujawahi kufika. Mabwawa ya maji moto, mitelezo, hoteli humo humo ndani, na langoni sanamu ya mla-mchwa mkubwa kuliko nyumba yetu. Mpangaji ni mimi. Rosilene, mke wangu, ameuliza kama ni lazima mpangaji niwe mimi. Nimemjibu kwamba ni lazima.

Safari iliyopita alipanga kaka yake, Clodoaldo. Kila kitu kilikwenda sawa. Mpaka leo hakuna Jumapili ya nyama choma ambayo safari hiyo haisimuliwi! Nimechoka kusikia habari za kifungua kinywa cha hoteli ile.

Rosilene anataka kitu kimoja tu. Kuna mto humo, wa kutengeneza, unazunguka hoteli polepole. Mnakaa wawili kwenye boya, maji yanawabeba. Anataka tukae mimi na yeye, tushikane mikono, tusiseme neno. Amedai kwamba tangu tuoane hatujawahi kukaa mahali bila mimi kunyanyuka kwenda kuulizia jambo. Nimemwahidi. Kisha nimenyanyuka kwenda kupiga simu, kuulizia kama maboya yanatosha.

Jumatano, 10 Julai

Tatizo ni foleni. Nimesoma maoni ya waliokwenda. Kwenye Mnara wa Anakonda, ambao ndio mtelezo mkubwa, watu husimama juani mpaka mabega yanababuka. Nimewaza hilo dukani siku nzima. Mteja aliomba rangi ya dari, nikamuuzia ya sakafu.

Kisha jioni, pale kwa mwoka mikate, nimepata ufunuo. Nilikuwa wa kwanza kaunta. Akaja bibi mmoja mwenye mvi, akanipita, na hakuna aliyeguna. Kipaumbele! Sheria ya nchi! Wenye miaka sitini na kuendelea, wajawazito, wanaobeba watoto. Na waliofika themanini wanawatangulia hata hao.

Mama mkwe wangu, Dona Zulmira, anatimiza themanini Ijumaa ya tarehe 19.

Tulikuwa twende Jumanne, siku ya utulivu. Nimeihamishia safari Jumamosi, tarehe 20. Rosilene amesema Jumamosi hiyo shule zote zimefungwa na nchi nzima itakuwa kule. Nimemwambia nchi nzima haina Dona Zulmira.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda kumwalika. Kabla sijakaa ameniuliza:

“Toka lini wewe unanikumbuka, Valdecir?”

Nimesema mapenzi ya mkwe hayana saa. Amesema sawa, lakini atakaa kiti cha mbele, atachagua stesheni ya redio, na atabeba wali wake wa pequi. Nimekubali yote. Pequi ni tunda lenye harufu ambayo hakuna mtu katika jimbo hili la Goiás aliyewahi kuificha, lakini hilo ni dogo.

Jumapili, 14 Julai

Mazoezi na Dona Zulmira. Sijaridhika. Nywele amezipaka nyekundu. Mara tatu kwa wiki anafanya mazoezi bwawani. Ngazi za nyumba yake anazipanda mbele yangu, na akifika juu ananisubiri. Nimemwomba kwa heshima zote ajaribu kuinama kidogo. Akaniuliza nataka kumwona ameinama au nataka aniinamishe mimi. Nimempa mkongojo. Ameutumia kuangua mapera ya jirani.

Mchana kaja Clodoaldo. Naye anakwenda Jumamosi hiyo hiyo, na mkewe. Nikamuuliza mpango wake ni upi. Hana! Amesema watafika, wataoga, watarudi. Nikamwonea huruma. Nikamtandazia ramani yangu mezani, yenye mishale ya rangi. Akaitazama, akauma nyama yake, akatafuna taratibu.

“Shemeji, unakwenda kuogelea au unakwenda kupindua serikali?”

Walicheka wote. Rosilene ndiye aliyechelewa kuliko wote kunyamaza. Nimeliweka moyoni.

Ijumaa, 19 Julai

Sikukuu ya kuzaliwa ya Dona Zulmira. Keki, majirani, nyimbo. Nimeimba kuliko watoto wake wa kuwazaa. Alipopuliza mishumaa machozi yalinitoka. Rosilene akaniona, akanibana mkono, akaninong'oneza kwamba hakujua nampenda mama yake kiasi hicho.

Themanini! Hatimaye!

Jumamosi, 20 Julai

Siku yenyewe. Naandika nikiwa hotelini. Miguu imevimba.

Langoni mlinzi alinusa kabla hata hatujasema habari ya asubuhi. Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi. Dona Zulmira alimwambia ile ni dawa yake. Mlinzi akasema hata mama yake hutumia dawa hiyo hiyo, na kuku juu yake, lakini humu inabidi imezwe nje. Tukala wali wa pequi kwenye maegesho, asubuhi yote hiyo, tukikwangua tunda kwa meno ya mbele taratibu ili miiba ya ndani isituingie ulimini. Pequi hailiwi kwa haraka. Clodoaldo alitupita akiwa na taulo begani.

Tulipoingia, Rosilene akanivuta mkono. Mto ulikuwa mtupu. Mvuke unapanda, maboya yamepangwa, hakuna mtu. Akasema twende sasa hivi, Valdecir, kabla watu hawajajaa. Nikamweleza kwamba mshale wa kwanza unaelekea Anakonda. Anakonda kwanza, kisha mto. Akauachia mkono wangu.

Sasa, foleni ya kipaumbele.

Ilianzia kwenye Mnara, ikazunguka bwawa la watoto, ikapotelea nyuma ya vyoo. Kila familia ilikuwa imekuja na bibi! Mabibi wa Minas, mabibi wa Brasília, mabibi wenye kofia za plastiki kichwani, na ubavuni mwa kila bibi, mwanamume mmoja mwenye ramani. Sisi wakwe tulitazamana. Kisha kila mmoja akatazama ndala zake.

Foleni ya kawaida haikuwa na watu. Wachache waliokuja walikuwa wanaingia kama mtu anavyoingia jikoni kwake.

Sikutetereka. Kulikuwa na mlango wa tatu, wa themanini na kuendelea. Mweupe. Una kivuli, una kiti, una feni. Nikampeleka Dona Zulmira pale nikiwa nimeinua kidevu. Wale wakwe wengine walinitazama, na sitaki kusema uongo, ile ilikuwa dakika tamu kuliko zote mwaka huu. Binti wa mlangoni akaomba kitambulisho. Akakisoma. Akakisoma tena. Akasema bibi ana sabini na minane.

Nikacheka. Nikamwambia jana tu tumekula keki. Dona Zulmira ndipo akaeleza, bila haraka yoyote, huku ameshakalia kile kiti. Alizaliwa shambani. Kwenda mjini kumwandikisha mtoto ilikuwa safari, na baba yake hakuwa mtu wa kusafiri bure. Alingoja mpaka apate nguruwe wa kuuza. Nguruwe alichukua miaka miwili kunenepa. Msajili akaandika mwaka ule ule aliouona kwenye kalenda ukutani.

“Mimi nina themanini,” alisema. “Karatasi ndiyo ina sabini na minane.”

Clodoaldo alikuwa anajua. Mkewe alikuwa anajua. Rosilene alikuwa anajua! Nikamuuliza kwa nini hajaniambia miaka yote hii. Akasema sijawahi kumuuliza kitu, mimi huwa natangaza tu.

Tukarudi nyuma ya vyoo. Hapo tena ikaonekana kwamba bibi mmoja anaruhusiwa mtu mmoja wa kumsindikiza. Rosilene akasema, basi twende wote foleni ya kawaida, tutamaliza sasa hivi. Nikakataa. Kipaumbele ni haki. Mtu hawezi kupewa haki na sheria kisha akaenda kusimama na watu wa kawaida kwa sababu tu kule ni haraka. Alinitazama kama anayetafuta kitu usoni mwangu. Kisha akachukua taulo lake akaenda.

Alirudi amelowa. Akaenda tena. Akarudi amelowa zaidi, amemletea mama yake pamonha ya moto, mahindi mabichi yaliyosagwa na kufungwa majani. Clodoaldo alipita mara nyingi mno. Kila akipita aliuliza kama serikali imeshaanguka. Mabibi wa pande zote wakawa wanamwitikia kwamba bado, mwanangu, bado.

Jioni Rosilene alikuja akasimama upande wa pili wa kamba.

“Mto, Valdecir.”

Nikasema tukimaliza tu hapa. Akasema jua linazama. Nikamwonyesha kwamba foleni inasogea, na ilikuwa inasogea kweli, kwa sababu bibi mmoja mbele alikuwa amesusa na kwenda kula aiskrimu. Alisema, “Haya.” Neno hilo tu.

Tulifika kileleni. Naapa tulifika! Mwokoaji akapuliza filimbi, akasema wanafunga, amebaki mmoja wa mwisho. Akanitazama mimi, akamtazama Dona Zulmira. Kipaumbele. Alishuka yeye, mikono juu, anaimba. Mimi nilishuka kwa ngazi.

Kutoka kwenye ngazi mto wote unaonekana. Rosilene alikuwa ndani yake, kwenye boya la watu wawili. Upande wangu alikuwa ameweka taulo. Nikampungia mkono. Alikuwa amefumba macho. Nilisimama pale ngazini mpaka alipopotea kwenye kona, na kifua kilinibana kidogo. Nadhani ni zile ngazi.

Jumapili, 21 Julai

Tumerudi. Njia nzima Dona Zulmira ameimba pamoja na redio. Rosilene hakuimba. Nimejitathmini kwa haki, bila kujipendelea. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa ni la nguruwe.

Jumatatu, 22 Julai

Rosilene amekuja kukaa karibu yangu nikiwa nakunja ramani. Amesema Jumatano mchana hana kazi. Kwenye klabu hapa Anápolis kuna bwawa, si kubwa, halina mnara wala mto, lakini wana boya moja la zamani. Mimi na yeye tu. Amesema hajakasirika, ila hataniomba tena. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Nikaiacha ramani nusu imekunjwa. Si utani. Nikamwambia nitafika kabla yake, nitakuwa nimeshalishika boya kwa mikono miwili. Na nilimaanisha.

Jumatano, 24 Julai

Nimeamka na furaha. Nimenyoa. Nimepakia taulo mbili na kaptura mpya.

Wakati napaka mafuta ikanijia kwamba ofisi ya msajili iko njia ile ile ya klabu. Kurekebisha mwaka wa Dona Zulmira ni kugonga muhuri tu, na mwakani tukienda Tamanduá tunapita mlango wa feni, mimi na yeye, na Rosilene ananisubiri mtoni, kila kitu mahali pake. Zawadi kwake! Nikampitia Dona Zulmira. Sikuwa na wasiwasi wa kuchelewa, maana nina mtu wa kipaumbele.

Kumbe leo ndiyo siku wastaafu wa mtaa mzima wanakuja kuthibitisha kwamba wako hai ili pensheni zao zisikatwe. Foleni ya kipaumbele imetoka mlangoni, imefika kwenye duka la dawa. Foleni ya kawaida ina bwana mmoja na mbwa wake.

Dona Zulmira alisema tuhamie kwa mwenye mbwa. Nikamweleza habari ya haki. Akasema kwanza hajaniomba nimzeeshe, hiyo miaka miwili amekaa nayo vizuri maisha yake yote na haoni kwa nini airudishe. Akachukua moja ya taulo zangu, akasimamisha basi, akasema anakwenda kuoga. Nimebaki namshikia nafasi. Mzee aliye nyuma yangu amenung'unika kwamba sina mvi. Nimemwambia mwenye nafasi anakuja.

Rosilene amepiga simu. Nimemweleza yote kwa utaratibu: muhuri, nguruwe, mlango wenye feni. Hakunikatiza. Nyuma yake nilisikia maji yakirushwa na Dona Zulmira akicheka. Nikamwambia asilikalie boya lile peke yake, nakuja, bado kidogo tu. Kisha akasema, bila ukali wowote:

“Baki hapo hapo, Valdecir.”

Nimebaki. Wanaume wangapi wana mke anayewaelewa namna hii? Nimeegemea ukuta wa duka la dawa, naandika. Mbele yangu wamebaki wazee si wengi, na wote wako hai.