Damu Isigande, Nimuoe Kembabazi

Jumatatu, 4 Agosti 1952
Nimepata njia! Ijumaa Daktari wa Bukoba anakuja hapa Isingiro. Safari iliyopita alilalamika kwamba damu ya wagonjwa inaganda kwenye vichupa vyetu kabla hajaitazama kwa darubini. Kosa ni la kioo, alisema. Basi mimi Egbert, msaidizi wa zahanati, nitagundua chombo kisichogandisha damu. Daktari atanisifu hadharani, Mzee Tumwine atasikia, atanipa binti yake Kembabazi. Juzi alitamka kwamba hawezi kumwoza kwa mfunga vidonda. Mfunga vidonda!

Jumanne, 5 Agosti
Nimejichoma vidole. Tone kwenye kioo, likaganda. Kwenye kipande cha kibuyu, likaganda. Kwenye jani la mgomba likateleza, likagandia kwenye suruali yangu. Vidole vyote vinauma, hata kufunga vifungo vya shati ni kazi. Protase, mwenzangu wa zahanati, akavifunga vyake polepole mbele yangu. Ana husuda yule.

Jumatano, 6 Agosti
Nimewaomba wagonjwa tone moja moja tu. Wa kwanza akauliza nampelekea nani. Nikamjibu kwa upole kwamba ni siri. Foleni nzima ikatimua mbio! Mwenye mguu mbovu alimpita mwenye kikohozi. Sasa hadi Mabira wanasema mimi ni mumiani. Protase ananishukuru, eti leo kapumzika vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti
Penye nia pana njia! Nimepita kwa Mzee Tumwine, nikampa shikamoo mbili. Kembabazi alikuwa akifukiza kyanzi, chombo chao cha mti cha maziwa, kisha akakipaka siagi ndani. Laini ajabu! Damu itashika wapi humo? Nikamdanganya kuna mgonjwa anahitaji chombo cha kutilia maziwa. Akanikabidhi huku akitabasamu. Nampenda, jamani. Akanionya kwamba kyanzi hakitiwi kitu kingine, ng'ombe watadhurika. Nikaapa. Lakini damu si kitu kigeni, hata ng'ombe wanayo.

Ijumaa, 8 Agosti
Asubuhi nimejitoa damu mkononi kwa bomba la sindano. Nusu kwenye kichupa, nusu kwenye kyanzi. Ya kichupa ikaganda. Ya kyanzi inachezacheza! Nikakiacha mezani zahanati, nikakimbia nyumbani kuvaa koti. Vifungo vikanichelewesha.

Kumbe Daktari kawahi, na Mzee Tumwine kaja na kibuyu cha maziwa kumkirimu mgeni. Akakiona kyanzi chake mezani, akafurahi, akamwambia Protase amimine humo. Ndani ni cheusi kwa moshi, Protase hakuona kitu. Nilipoingia, Daktari alikuwa na masharubu mekundu. Akauliza amekunywa nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni damu yangu, na haijaganda! Akakimbilia kwenye mibuni. Mzee Tumwine alishika kichwa, akawaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina.

Jumamosi, 9 Agosti
Kyanzi kimechomwa moto. Daktari kaondoka bila kuniaga. Kembabazi kapita bila kunitazama, imeniuma kuliko sindano. Mzee katuma neno nisiguse tena chombo chochote cha maziwa cha nyumba yake.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetubu kanisani kwa machozi. Wakati wa mahubiri nikafikiri vizuri. Mzee kakataza vyombo vya maziwa. Vya pombe hakutaja! Na mrija wake wa rubisi, ule wa tete, umelainika ndani kwa miaka ya kunywewa. Jioni hii anakunywa kwa jirani, na akilewa husinzia. Nitauazima kidogo tu, nitaurudisha kabla kiu haijamwamsha.