Tangazo kwa Uma

Kuna watu wanaozaliwa na kipaji cha kuimba, na wengine cha kupiga mpira. Wahome Gichuki alizaliwa na kipaji cha kutazama kitu cha ovyo kabisa na papo hapo kumjua mtu atakayekitamani. Kayole walimwita Wakili, ingawa korti aliijua kutoka kizimbani tu.

Jumatatu moja asubuhi alisimama nje ya ofisi ya wadi akingoja mvua ipungue, macho yake yakaangukia ubao wa matangazo. Kati ya kalenda ya mwaka juzi na picha ya mbuzi aliyepotea palikuwa na tangazo la serikali. Lilisema kwamba mabasi fulani, katika wadi nyingine kabisa, yataacha barabara fulani na kufuata nyingine. Mwenye maoni ayawasilishe kwa maandishi, na asiyewasilisha pingamizi ndani ya siku kumi na nne atachukuliwa kuwa amekubali. Chini kulikuwa na nembo, sahihi isiyosomeka, na tarehe ya miezi minane iliyopita.

Wahome alilisoma mara mbili. Ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyelisoma kabla yake, maana buibui alikuwa amejenga juu ya ile sahihi. Na bado mabasi yalihama. Yalihama na abiria, wateja, kodi za nyumba na bahati za watu, kwa karatasi moja tu! Hivyo ndivyo serikali inavyotuuliza maoni yetu: inanong'ona ukutani, kisha inaandika kwamba tulinyamaza.

"Kumbe ni rahisi hivi," Wahome alisema, akasahau mvua.

Sasa, Wahome alikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa chake kihalali, nacho alikirithi kwa mjomba wake. Kilikuwa kiploti cha pembetatu huko Mtaroni, mtaa wa nyuma, kando ya mtaro wa maji machafu. Watu walikuwa wakitupa takataka pale kwa moyo mkunjufu. Barabara ya mbele, kwa upande mwingine, ndiko mabasi yote ya kwenda Muthurwa yalikosimama, na hapo stejini palikuwa na maduka sita ya Mzee Mbuthia.

Mbuthia alikuwa mzee wa kanisa aliyefunga choo cha wapangaji kwa kufuli na kuuning'iniza ufunguo shingoni, karibu na rozari ambayo hakuitumia sana. Alimjua Wahome kuwa tapeli. Hilo halikumwogopesha, lilimpa hamu. Mtu mchoyo hupata raha kumpunja mnyonge, lakini kumpunja tapeli ni karamu.

Wahome aliingia saiba, kibanda cha kompyuta na printa, akanakili nembo ya lile tangazo la buibui, akaandika lake. Mabasi ya Muthurwa yataacha barabara ya mbele na kupitia Mtaroni, na steji mpya itakuwa kwenye kona ya mtaro. Siku kumi na nne za pingamizi hakuzisahau, kwa sababu aliona zinapendeza. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, aliandika: TANGAZO KWA UMA.

Ndiyo, uma. Wahome aliacha shule kabla ya kufika mahali umma unapopata m yake ya pili. Kwa hiyo aliyealikwa kutoa maoni, kwa nembo na sahihi, ni kile chombo chenye meno cha kulia chipsi.

Alilibandika alfajiri ya Alhamisi, kwa sababu kila Alhamisi Mbuthia alikuja wadini kumshtaki jirani mwenye mbwa. Kisha akakaa ng'ambo ya barabara na gazeti. Mzee alifika, akasoma kwa kidole, akatazama kushoto, akatazama kulia, akalinyofoa tangazo na kulisokomeza ndani ya koti. Mbwa wa jirani alisamehewa siku hiyo.

Kufikia saa nne mzee alikuwa mlangoni kwa Wahome.

"Niaje, kijana yangu," alisema. Mbuthia hakuwahi kumsalimu mtu kwa niaje maishani mwake.

"Poa, mzee. Kuna shida?"

"Hakuna. Nilikuwa napita. Bado unakaa na ile takataka ya Mtaroni?"

"Ile ni urithi, mzee. Marehemu mjomba aliniambia nisiiuze."

"Nani ameongea mambo ya kuuza? Mimi nakuonea huruma tu. Wewe nipe ule uchafu, mimi nikupe maduka. Tubadilishane."

"Maduka ya steji? Mangapi?"

"Matatu."

Wahome alitoa kitambaa, akapangusa macho makavu. "Marehemu alipenda sana nambari sita."

"Alipendea nini nambari sita?"

"Hakusema. Alikata roho."

Mbuthia alimeza mate. Alifikiria maelfu ya abiria wakishuka mlangoni pake, na huyu mjinga hajasoma hata ubao wa wadi. "Basi sita! Lakini leo hii, kwa wakili wa kweli."

"Mbona haraka hivyo, mzee?"

"Nina presha. Daktari amenikataza kungoja."

Kufikia Ijumaa jioni Mbuthia alikuwa mwenye mtaro na Wahome alikuwa mwenye maduka sita. Kila mmoja alilala akimcheka mwenzake. Hadithi ingeishia hapo, na haki isingetendeka, kama si mama mmoja aliyekuwa amefika kwenye ule ubao mapema kumshinda Mbuthia.

Huyo alikuwa Anab Wehliye, mpangaji wa duka namba tatu, mwuza chai na mikate ya anjera kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amekwenda wadini kufuata leseni, akaliona tangazo, na kwa kuwa miwani yake alikuwa ameiacha nyumbani alilipiga picha kwa simu, bila Wahome kuinua macho gazetini. Alipolisoma jioni hakupata usingizi. Wateja wake walikuwa abiria wa asubuhi. Mabasi yakiondoka, chai ataiuzia nani, na karo ya mwanawe Bilan na nduguye itatoka wapi?

Watu wengine wangelalamika kwenye grupu la WhatsApp na kuweka emoji ya kulia. Anab aliandika pingamizi. Aliambatisha picha ya tangazo, akatoa nakala mbili kama mtu yeyote aliyewahi kuumwa na ofisi, akaenda mjini kwenye Idara ya Njia na Vituo. Kwenye masjala alimkuta Kate, karani mwenye kucha ndefu na muhuri mzito.

"Faili namba ngapi?" Kate aliuliza.

"Sijui, dada. Mimi nimeona tu tangazo."

Kate alitafuta, hakuona kitu. "Haina faili. Na pingamizi haiwezi kukaa bila faili, itakaa wapi?" Akafungua faili mpya, akaipa namba, akapiga muhuri nakala zote mbili: IMEPOKELEWA.

Namwomba msomaji auheshimu muhuri huo. Mtoto akizaliwa bila cheti, serikali itamkana hadi azeeke. Lakini karatasi ikishapigwa IMEPOKELEWA, hiyo ipo, ina haki zake, na lazima ishughulikiwe.

Faili ilimfikia Bwana Shiundu, naibu mkurugenzi. Shiundu hakuwahi kusikia habari za basi la Mtaroni. Kama angeuliza nani alitoa tangazo, angekuwa amekiri kwamba jambo limempita, na mtu anayepitwa na mambo hastahili zulia ofisini. Aliona pia lile neno "uma", likamkera, akashika kalamu nyekundu, kisha akaiweka chini. Kama tangazo limetoka juu, basi na uma umetoka juu. Akaandika: "Tuendelee kama ilivyoelekezwa." Mkubwa wake alisoma "kama ilivyoelekezwa", akajiuliza imeelekezwa na nani, akaogopa jibu, akatia sahihi. Mpima barabara aliombwa akaikague Mtaroni. Aliikagua akiwa kitini, akaiona inafaa, ila mtaro ufunikwe kwa zege. Mtu mmoja tu angeuliza swali moja tu, mambo yote yangeanguka. Hawakuuliza, na mshahara uliingia.

Huku Kayole, mwenye maduka mpya alianza kutawala. Wiki ya pili alibandika karatasi kwenye kila mlango: kodi inapanda maradufu, asiyeweza aondoke mwisho wa mwezi. Anab alitoka na kijiko mkononi, akasoma kichwa cha habari. ILANI KWA WAPANGAJI NA UMA WOTE.

Aliganda. Akafungua simu, akaweka picha ya tangazo kando ya ilani. Uma na uma. Hasira ilimpanda hadi masikioni, kwa usiku wote aliokesha akihesabu karo ya watoto wake. Kisha akacheka mpaka mteja akaogopa chai.

Angeweza kwenda polisi. Lakini mfukoni alikuwa na barua iliyofika asubuhi hiyohiyo, yenye namba ya faili: pingamizi lake linashughulikiwa, na mkutano wa kukusanya maoni utafanyika katika ukumbi wa jamii tarehe fulani. Serikali nzima ilikuwa inashughulikia upuuzi uliopigwa chapa saiba na mwenye duka lake! Anab alivua aproni, akaenda Mtaroni.

Mbuthia alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya takataka zake, akilingoja basi.

"Mzee, kuna mtu ameweka pingamizi hii njia isipite," Anab alisema.

"Shetani gani huyo?"

"Ni mimi."

Kiti kiliyumba. "Mama Bilan! Nimekukosea nini?"

"Tukianza hiyo stori tutalala hapa. Jenga maduka, mzee. Mimi nachukua la kona, kodi ya zamani, miaka kumi, kwa maandishi. Naondoa pingamizi na nakuletea wapangaji wote wa kule mbele. Na choo kisiwe na kufuli."

Mbuthia alikubali yote upesi hadi hapo mwisho. Alishika ufunguo shingoni. "Hata kufuli ndogo?"

"Hata ya sanduku."

Alitia sahihi, na hiyo ndiyo siku pekee mpangaji alimwona na machozi.

Wahome alipata habari za mkutano kupitia kipaza sauti cha gari lililopita mtaani. Alipolisikia tangazo lake mwenyewe likisomwa kwa sauti ya serikali, alilikimbilia gari akipunga mkono lisimame. Siku ya mkutano alifika ukumbini wa kwanza, amevaa tai. Shiundu alikaa mbele na faili iliyonona, pembeni Kate akipitisha daftari la mahudhurio. Wapangaji walijaa, na Mbuthia aliketi mstari wa mbele kwenye kiti chake cha plastiki.

Wahome alisimama. "Bwana mwenyekiti, hii njia haipo! Tangazo ni bandia!"

"Bandia?" Shiundu alifungua faili. "Lina pingamizi lililopokelewa, lina ripoti ya mpima barabara, lina sahihi ya mkubwa wangu. Tangazo bandia linapata wapi vitu hivi vyote?"

"Nakwambia halikutoka kwa serikali!"

"Lilitoka kwa nani?"

Wahome alifungua mdomo, akauona mlango, akamwona na askari aliyesimama mlangoni. "Mimi... mimi nashuku tu."

"Wakili, kwani ni wewe uliandika?" Anab aliuliza kwa upole kabisa, na watu wakapasuka kicheko.

"Basi napinga! Napinga kama mwananchi!"

Shiundu alivaa miwani. "Kwa mujibu wa tangazo, pingamizi hupokelewa ndani ya siku kumi na nne. Zimepita."

"Siku kumi na nne niliweka tu ili—" Wahome aliung'ata ulimi wake.

"Uliweka nini?"

"Niliweka akilini, mheshimiwa."

"Ungeziweka kwenye karatasi. Kaa chini."

Anab alisimama, akaondoa pingamizi lake, akaomba wanaounga mkono wainue mikono. Mbuthia aliinua yote miwili.

Kufikia mwisho wa mwaka mtaro ulikuwa umefunikwa zege, maduka mapya ya Mbuthia yamejengwa, na mabasi yalikuwa yakisimama kwenye ile pembetatu kuanzia alfajiri. Anab aliajiri wasichana wawili. Barabara ya mbele ilibaki na mbwa wa jirani na maduka sita yaliyofungwa, na Wahome akipita kuyatazama kama mgonjwa wake wa wodini. Mtaa ulikuwa umelisahau jina la Wakili. Sasa waliita tu, "Uma! Niaje, Uma!" Hakujua kwa nini, mpaka Anab alipomweleza jinsi neno linavyoandikwa.

Siku hiyo Wahome alikwenda wadini. Ubaoni palikuwa na idhini ya mwisho, karatasi nzito yenye nembo halisi: "Baada ya kushirikisha uma kikamilifu..." Neno lilikuwamo mara saba. Alikuwa amepoteza ploti, wapangaji na jina; aliona aibu hii moja angalau anaweza kuifuta. Alitoa kalamu, akaanza kuchomeka m.

Mkono mzito ulimshika begani. Alikuwa askari wa kaunti.

"Unaongeza nini hapo?"

"Nasahihisha tu, afande. Imekosewa."

"Serikali imekosea?"

"Si serikali. Aliyeandika."

"Unamjua aliyeandika?"

Wahome aliirudisha kalamu mfukoni.

"Kughushi tangazo la serikali," askari alisema, akatoa pingu. Akamgeukia mama aliyetoka ofisini na leseni yake mpya. "Mama, umemwona huyu akighushi?"

"Nimemwona, afande," Anab alijibu, akiinua simu. "Na picha ninayo."

Kituo cha polisi kilikuwa mbali na askari hakuwa na gari. Akamvuta Wahome kwa pingu hadi Mtaroni, wakasimama kwenye kona kungoja basi.