Muchuzi wa Bakteria

Jumatatu, 2 Juni

Unga wa kulishia bakteria umekwisha labo ya hospitali! Kartoni nyingine imekwama Kigoma, ng'ambo ya ziwa, haijapata boti. Bila ule unga bakteria hawaoti, na wasipoota hatujui kisima gani kinawaharisha watu. Papa Barnabé, muganga mukuu wetu, ametuita biro, ofisini kwake. Amesema atakayebuni chakula cha bakteria kufikia Ijumaa, huyo njo shefu wa labo. Tuko wawili tu: mimi na Mama Pétronille. Yule anayepima hata maji ya kunawa! Cheo ni changu. Nimeshamwambia muke wangu Rachelle. Rachelle ameshaambia kwaya nzima.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata! Ndagala! Waache samaki hao wadogo nje siku moja, uone bakteria wanavyowapenda. Nimenunua sokoni kwa Mama Chantal, nikachemsha palepale labo. Pétronille naye kachemsha nyama ya ng'ombe, kachuja, katia chumvi ya ncha ya kijiko, basi. Maji ya rangi ya chai hafifu. Aibu! Hata kama ni bakteria, mugeni ni mugeni. Kwetu mugeni hapewi muchuzi uliopooza. Nikaonja wangu: bado. Nikaongeza chumvi. Nikaongeza tena. Nikakamua ndimu, nikatia pilipili ya kutosha. Sasa ndiyo! Ili ugande, nikausonga kama ugali na unga wa muhogo, nikajaza visahani vya kioo. Bukari ya harusi kabisa. Muchuzi uliobaki nimeufunika kwenye sufuria.

Jumatano, 4 Juni

Tumepanda maji ya kisima kimoja, yeye kwenye chupa zake, mimi kwenye visahani vyangu. Vyote ndani ya kabati la joto. Harufu yangu imefika materinite, kwenye wodi ya wazazi! Mugonjwa mmoja kauliza kama siku hizi hospitali inatoa chakula. Pétronille hakuulizwa na muntu yeyote.

Alhamisi, 5 Juni

Yoo, mama yangu! Chupa za Pétronille zimechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Bakteria tele! Visahani vyangu safi. Hakuna hata doa. Pétronille kaniuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, nimeweka nini ndani. Nikamjibu kwamba wangu wanaona haya, bado wanazoea nyumba. Alipokwenda kula nikachota kwenye chupa yake, nikapaka visahani vyangu vyote. Hapa ni akili tu!

Ijumaa, 6 Juni

Hata wale wa kuiba wamekufa! Wote! Jamani, unamkaribisha muntu vizuri namna hii, naye anakufa?

Papa Barnabé kaja. Kashika kisahani, kakiangalia kwenye mwanga, kaonja muchuzi wa kwenye sufuria, kacheka mpaka akavua miwani. Kasema hiki si chakula cha bakteria, hii njo dawa yao. Kisha kaomba kijiko cha pili. Na cha tatu. Halafu katoa hukumu: labo ni ya Pétronille. Mimi, kuanzia Jumatatu, nitawapikia wagonjwa mpaka kartoni ifike toka Kigoma. Pétronille kanipa mukono, kasema tutasaidiana. Nimelia kidogo nyuma ya jenereta. Nilikitaka sana kile cheo.

Jumapili, 8 Juni

Kwaya imekuja nyumbani na wimbo wa pongezi, beti zote. Ningefanya nini? Nimeupokea, nikawapungia mukono. Rachelle hakupunga. Walipoondoka kaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia anipe nafasi nifikirie.

Nimefikiria sawasawa, tena kwa utulivu. Kosa nimeliona! Dogo, linachekesha. Kesho nikiwa jikoni nitarudia kimyakimya, Pétronille asijue. Shida haikuwa ndagala, wala pilipili. Ni nani duniani angekubali kula muchuzi usio na kitunguu?