Kitu cha Kutupia Mabegani

Jumatatu, 3 Novemba

Gauni limefika nyumbani! Kijani kilichokolea, refu mpaka kisiginoni, na kiunoni limenikaa kama lililokuwa likinisubiri tangu nizaliwe. Tatizo moja tu. Halina mikono. Mimi ninayo.

Najitetea. Dukani lilikuwa limevalishwa sanamu, na juu yake koti dogo jeusi. Nikaona gauni lenye mikono. Ningejuaje kwamba koti ni la muuzaji mwenyewe, kalitundika pale kwa sababu ya joto? Leo mchana nimerudi kulalamika. Nimemkuta kalivaa.

Kwa mwanamke mwingine hili lisingekuwa jambo. Angevaa, angekula, angerudi kwake. Mimi siwezi. Mwaka jana, kwenye sherehe ya kliniki, mhasibu wetu alikuja mabega wazi, na mimi mbele ya meza nzima nikasema mikono iliumbwa kwa kazi, si kwa kutembezwa. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Niliishi kwa kicheko kile wiki nzima. Mhasibu tunamwita Bi Manukato, maana harufu yake hufika kazini kabla yake. Siku ile alitabasamu tu. Tabasamu la mtu anayeweka akiba.

Na Jumamosi hii si sherehe ya hivihivi. Daktari Mkuu atamtangaza msimamizi wa tawi jipya. Mimi nimekaa mapokezi ya kliniki hii ya meno tangu kiti cha wagonjwa kilipokuwa kimoja na kinayumba. Kila mtu anajua nani anastahili. Wasiojua nimewaambia.

Kwa hiyo nahitaji kitu cha kutupia mabegani. Chenye heshima, kisichoonekana kuwa nimekitafuta. Mume wangu amependekeza sweta lake la kijivu. Nimemwangalia. Ameondoa pendekezo.

Jumanne, 4 Novemba

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ana shali ya hariri. Nyeusi, na nyuzi za fedha pembeni. Tatizo la wifi ni kwamba haazimishi. Ukimwomba chumvi anauliza unapika nini, nani atakula, na kwa nini mlikaa mpaka ikaisha.

Basi nisiombe. Nimetumia akili. Ukimwona mtu anatetemeka, mkono wako wenyewe unakwenda kwenye nguo iliyo karibu na kumfunika. Ni maumbile. Na najua Jumanne wifi huitoa shali sandukuni na kuitandaza kwenye kiti cha sebuleni ipigwe hewa, kama mfalme aliyetolewa barazani.

Nimefika natetemeka. Nimetetemeka vizuri, acha nijisifu: meno, magoti, mpaka mkoba. Wifi kashika kifua. Shali iko pale, anaifikia kwa kunyoosha mkono! Akaipita. Kanishika kama askari aliyempata mwizi, kanilaza kitandani kwake, kanifunika mablanketi moja juu ya jingine, kisha kaniinamisha juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Kaninywesha dawa chungu ambayo jina lake hakulitaja, nadhani kwa aibu. Kila nikisema nimepona, anajibu kwamba ndivyo wanavyosema wote wenye homa.

Mchana kutwa! Kupitia mlango naiona shali inametameta. Nimerudi nyumbani nimelowa jasho, nimekonda, na mabega yangu yako palepale.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeachana na mambo ya kuazima. Mtu na hadhi yake hushonesha.

Nimekwenda kwa fundi cherehani aliye mtaa wa pili kutoka kliniki. Nimeagiza koti fupi jeusi, mikono mpaka chini ya kiwiko, liwe tayari kesho. Akachukua futi yake anipime. Pale dukani palikuwa na wateja wengine, na wawili ni wagonjwa wetu. Nikamwambia hakuna haja, vipimo vyangu navijua kwa moyo, nikamtajia.

Ni vipimo vya kweli kabisa. Nilikuwa navyo siku ya harusi yangu.

Fundi akaniangalia, akaangalia alichoandika, akaniangalia tena. Akauliza, “Dada, una uhakika?” Nimemwambia fundi mzuri habishani na mteja. Akasema sawa, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayenawa mikono.

Alhamisi, 6 Novemba

Koti limekuwa tayari mapema. Sikuweza kungoja. Nimejifungia stoo ya kliniki, kati ya maboksi ya glavu, nikalijaribu.

Iandikwe hapa kwamba lilipanda. Nilivuta, nilisali, likapanda. Likagoma tu kuniachia mikono ishuke. Mikono yote miwili ikabaki imenyooka pembeni kama ndege anayekausha mbawa. Kulivua nako hakuwezekani, maana kulivua kunahitaji mikono. Na hapo kengele ya mapokezi ikalia.

Nikatoka kwa ubavu.

Wa kwanza kufika mbele yangu alikuwa mzee aliyetoka kung'olewa jino, nusu ya uso imekufa ganzi. Akaniona nimesimama mikono wazi. Macho yakamjaa machozi. Akanikumbatia! Ulimi wake ulikuwa bado umelala, lakini nilivyomwelewa, alisema miaka yote ya kutibiwa meno hakuna aliyewahi kumwonea huruma. Mama aliyekuwa nyuma yake akadhani ndio utaratibu mpya, naye akaja. Kisha kijana mwenye shavu lililovimba. Foleni ikajipanga. Kuna aliyekuja kuuliza tu saa za kazi, naye akakumbatiwa.

Daktari Mkuu akatokeza. Akauliza hiki ni nini. Nikamjibu ni huduma kwa wateja. Akakuna kidevu. Akasema, “Endelea,” akarudi ndani. Sijui kama nimesifiwa.

Na nani kaniokoa? Bi Manukato. Kanikuta nimekwama kwenye mlango wa stoo kama meza inayohamishwa. Hakucheka. Alileta mkasi wa ofisini kwake akakata koti mgongoni, taratibu, asinidhuru. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, yeye Jumamosi atavaa nini.

Akaniambia maneno yangu ya mwaka jana yalimchoma, lakini aliyafikiria akaona yana ukweli. Safari hii kashona gauni lenye mikono mpaka kwenye viganja na kola mpaka kidevuni.

Nikamshukuru kwa mkasi. Ndani nachemka! Kaniibia heshima yangu! Adabu nilianza mimi!

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi nimelipata jawabu. Kama siwezi kujifunika, basi yeye afunuke.

Nimemvuta pembeni mama wa usafi nikamnong'oneza, siri kubwa, kwamba viyoyozi vya ukumbi vimekufa vyote na watu watachemka kama viazi. Mwenye akili atakuja mabega wazi. Nikamsihi asimwambie mtu, hasa Bi Manukato. Kumwambia mama wa usafi asimwambie mtu ni kama kumwambia jogoo asiwike.

Kabla ya chai kliniki nzima inajua. Nesi mkuu keshakata mikono ya gauni lake kwa mkasi wa bandeji. Daktari wa watoto kasema anakuja na nguo ya kamba mabegani. Bi Manukato kashusha pumzi, kasema basi, atampelekea fundi jioni aitoe mikono, ingawa roho inamuuma.

Ushindi! Wote wazi, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Ningeweza kuishia hapo.

Jioni, hodi. Wifi. Ana kifurushi cha karatasi kwapani. Kasema tangu Jumanne kila akifumba macho ananiona natetemeka. Kasema afya haichezewi, na sherehe za usiku zina upepo. Kafungua karatasi. Shali! Kasema, “Jifunike, mwanangu. Nataka uirudishe ukiwa mzima.” Hakusema shali iwe nzima. Mimi.

Nimekaribia kuona aibu. Imepita.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nikiwa kitandani na soksi mbili mbili.

Tuliingia ukumbini, mimi na mume wangu, shali mabegani, nyuzi za fedha zinacheka na taa. Nikatazama. Wanawake wote mabega wazi! Mimi peke yangu nimejifunga kama mama mkwe aliyekuja kukagua jikoni. Nesi mkuu akaniuliza kama naumwa. Bi Manukato, mikono wazi, gauni jekundu, anang'aa. Na ya mwaka jana hakuna aliyeyakumbuka. Hata mmoja! Siku zote hizi nayakumbuka mwenyewe.

Nikaona nisionekane mshamba. Nikaivua shali, nikaitupa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nesi akauliza si yangu? Nikasema hapana, nimeikuta mlangoni, nilikuwa naisogeza tu.

Kisha Daktari Mkuu kasimama. Kasema amesikia wafanyakazi wake wana wasiwasi wa joto. Yeye hawezi kuwaona wanateseka. Ameagiza mashine za baridi za ziada, kubwa, na atabonyeza kitufe mwenyewe. Tukapiga makofi. Akabonyeza.

Ee Mola! Baridi ile haikuja, ilituvamia. Supu ikaganda utando kabla kijiko hakijafika. Mikono ya wanawake wote ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Daktari wa watoto akajifunga leso tatu za meza. Nikageuka kuitafuta shali yangu, nikaiona. Iko juu ya Bi Manukato. Aliuliza ya nani, nesi akamjibu haina mwenyewe. Na imempendeza! Ningesema nini? Nilishaikana mbele ya mashahidi.

Meno yakaanza kugongana. Ukitetemeka kwa madaktari wengine watakupa blanketi. Ukitetemeka kwa madaktari wa meno, wanasikiliza. Meza nzima ilitega sikio. Mmoja akasema sauti inatoka gego la juu kushoto. Mwenzake akabisha, la chini. Wa tatu akawasha tochi ya simu na kuniambia nipanue kinywa. Nikapanua. Wakakubaliana nije Jumanne, kabla sijanywa chai.

Walipogeuka kubishana, nikachukua pindo la kitambaa cha meza. Pindo tu. Kwanza magotini. Kisha kifuani. Kisha mabegani, nikakifunga fundo shingoni. Joto, jamani! Kwa mara ya kwanza wiki hii nilikuwa nimefunikwa vizuri.

Hapo Daktari Mkuu akashika kipaza sauti. Kasema kumpata msimamizi wa tawi jipya hakukuwa rahisi. Lakini wiki hii ameona kwa macho yake mfanyakazi anayejua nini maana ya kumpokea mgonjwa kwa mikono miwili.

Mikono miwili! Mimi! Nikaruka juu.

Kitambaa nacho kikaruka. Supu, glasi, jagi la maji, keki yenye umbo la jino, vyote vikanifuata kama wapambe. Jino lilitua kwenye suruali ya Daktari Mkuu. Sahani moja ikaendelea kuzunguka sakafuni, polepole, haitaki kutulia.

Daktari Mkuu aliniangalia, fundo shingoni. Jina lilikuwa mdomoni mwake. Nililiona. Akalimeza.

Akasema, “Na sifa ya pili ni utulivu.” Akamtaja Bi Manukato.

Bi Manukato kapanda jukwaani na shali ya wifi yangu, nyuzi za fedha zinameta, akapigiwa makofi na kila mtu mwenye mikono. Nilipiga na mimi. Kwa ajili ya damu kutembea. Mume wangu kanivika koti lake, kanipeleka nyumbani. Njia nzima mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alisema ni baridi.

Jumapili, 9 Novemba

Wifi kaja kunijulia hali, nikapiga chafya ya kweli. Kabla hajaulizia shali, hodi nyingine: Bi Manukato, nayo mkononi, imefuliwa na kukunjwa. Nesi usiku kakumbuka kwamba aliwahi kumwona wifi nayo, kampigia simu kumwambia ni ya wifi. Kanisalimia vizuri, kakaa, kasema anataka niwe naibu wake tawi jipya. Ati katika kliniki nzima ni mimi peke yangu niliyewahi kumwambia ukweli usoni. Nikamtazama kama ananidhihaki. Hanidhihaki. Nikakubali. Wifi akalia kidogo. Dawa ile chungu akamnywesha na Bi Manukato.

Walipoondoka nikakaa kujichunguza, kama mtu mzima anavyopaswa. Fundi: alitii mno. Wifi: alichelewa. Mama wa usafi: hana siri. Daktari Mkuu: huruma imezidi. Mimi mwenyewe nimejichunguza kwa makini, mara mbili. Sijaona kitu.

Tawi litafunguliwa mwezi ujao, kwa sherehe, nami ni naibu. Siwezi kurudia gauni. Jioni nimepita dukani. Kule kwenye kona nikaliona: zambarau, kola ndefu, mikono mpaka kwenye viganja! Safari hii sikukurupuka. Nimeishika mikono yote, wa kulia na wa kushoto, nikahakikisha imeshonewa kwenye gauni. Nikanunua papo hapo.

Nimelivaa sasa hivi mbele ya mume wangu. Amesifu mikono. Amesifu kola. Kisha akaniomba nigeuke, na akasema kwa upole kwamba gauni halina mgongo.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nitasimama karibu na ukuta.