Sambusa 2,520

Jumatano, 10 Septemba 2025
Nimeipata! 2,520. Igawe kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, mpaka kumi: hakuna baki. Na hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayoweza. Nimehakiki mara mbili kwa kalamu, mara ya tatu kwa simu.

Maulidi ya mtaa ni Jumamosi. Mwaka jana zilibaki sambusa tano, madrasa mbili zikagombana, lawama zote kwangu. Shangazi Zeyana, mkuu wa jikoni, kasema likitokea lalamiko moja tu safari hii, usimamizi wa vitafunio anapewa Abdulnasir. Abdulnasir! Mwalimu wa hisabati, mtu wa kukohoa kabla ya kukusahihisha. Kazi hii marehemu baba aliishika miaka ishirini. Siiachi ng'o.

Nimemwomba shangazi akaange 2,520 kamili. Zije madrasa tano, saba au kumi, hakuna ugomvi. Akauliza kwa nini zisiwe 2,500 tu. Nilimhurumia.

Ijumaa, 12 Septemba
Baada ya Alasiri. Sambusa tayari, zimehesabiwa mbele ya Abdulnasir. 2,520. Akakohoa, akaaga. Unga umekwisha, nyama imekwisha, akina mama wamekwenda zao. Nimebaki mlinzi.

Nimeonja moja. Msimamizi asiyeonja ni msimamizi gani? Ndimu imekolea! Moja katika 2,520 si kitu.

Jumamosi, 13 Septemba
Kumbe ni kitu. Madrasa kumi, kila beseni 252. Beseni la kumi likapata 251. Abdulnasir alihesabu kwa sauti. Kisha akawaeleza watu, kwa raha zake, kwamba 2,519 ni balaa: ukiigawa kwa namba yoyote kuanzia mbili hadi kumi, inapungua moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi akawa anazitazama ndevu zangu. Nikazipangusa.

Mara hodi mlangoni. Ustadhi Bwanausi wa Kerege na wanafunzi wake! Tulisahau kuwaalika, wamekuja wenyewe. Madrasa ya kumi na moja, na mgeni hafukuzwi. Abdulnasir akagawa upya: 229 kila madrasa, baki sifuri. Akarudia hesabu. Sifuri! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikasema ile moja niliitoa makusudi. Ustadhi akaniombea dua.

Jumapili, 14 Septemba
Shangazi kaniita. Kasema makombo aliyaona, ila wageni wameshiba, basi kazi nibaki nayo. Akaongeza: “Himid, mwakani usionje.” Nimeitikia. Maneno mazito. Nimeyatafakari mpaka chai ikapoa.

Kisha nimepata namba ya mwakani. 27,720! Inagawanyika kwa kila namba hadi kumi na mbili, kumi na moja ikiwemo. Nikionja moja zitabaki 27,719, na hizo nazo zinagawanyika bila baki kwa madrasa hamsini na tatu.

Nimeanza kuandika barua za mialiko. Sita tayari. Zimebaki arobaini na saba.