Elkanah Alivyomwendea Mama Mkwe kwa Kisogo

Njooni, enyi mlao samaki na enyi mlao wimbi, tueni majembe, tueni nyavu, mpate kusikia vita vya kriketi vilivyopiganwa Homa Bay mwaka wa sitini na sita, siku Elkanah wa Uriri, mwenye viganja vipana kama sinia, alipotwaa utukufu ambao baba zake hawakuwahi hata kuuota.

Uganda ilikuwa imevuka ziwa na mashujaa wake kumi na mmoja, suruali zao nyeupe kuliko kanzu za maaskofu, na kila ilipokanyaga iliacha kilio. Migori ilikwisha kuanguka Jumatano. Huku Homa Bay kila upande ulipewa ova ishirini tu, kila ova mipira sita, maana meli ya wageni ilikuwa gatini ikipiga honi, na meli haina adabu ya kungoja.

Lakini Elkanah hakuiogopa Uganda. Alimwogopa Phelesia, mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Sindo na kiti chake mwenyewe na mwavuli wake mwenyewe, akaketi penye kamba ya mpaka wa uwanja, akatangaza kwa sauti iliyofika gatini:

"Leonida nyathina, mwanangu, naambiwa mume wako anaacha shamba linaota magugu, anaenda kurusha mpira na wanaume wazima. Leo naangalia. Kama ni upuuzi, jioni unafunga nguo tunarudi Sindo."

Elkanah aliyasikia yote, na hofu ikamzidi, kwa kuwa alimpenda mkewe kupita kiasi, na tayari alikuwa ameangusha mpira mmoja ambao hata bibi kizee angeudaka. Mchana kutwa alilikazia macho ziwa, maana mkwe Mjaluo aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mama mkwe, wala hamwendei uso kwa uso. Ni heri amkumbatie chatu.

Ukafika mpira wa mwisho wa ova ya mwisho. Uganda ilitaka mikimbio mitatu tu ishinde, na gongo lilikuwa mikononi mwa nahodha wao, jitu lenye mabega ya fahali. Ndipo Mwikwabe, nahodha wetu, ngurumo ya Wakuria, akawahutubia watu wake:

"Ndugu zangu! Hawa watu wamekula kuku wetu Migori, wamekula samaki wetu hapa. Tukiwapa hii mechi pia, watabeba nini ingine, wake zetu?"

"Nahodha," Elkanah akajibu, mkono kifuani, "wake za wengine sijui. Wangu haendi mahali."

Gongo likalia. Mpira ukapaa, ukapita juu ya kichwa cha Elkanah, ukaelekea, ole wake, kwenye kiti cha Phelesia. Ukidakwa, Uganda imekwisha. Ukivuka kamba, Homa Bay imekwisha.

"Geuka ukimbie!" akanguruma Mwikwabe.

Ageuke? Amtimulie mbio mama mkwe, kinywa wazi, jasho likimchuruzika? Afadhali Uganda ichukue Kenya nzima! Basi shujaa akarudi kinyumenyume, visigino vikilima nyasi, na kwa kuwa hakugeuka, macho yake hayakuupoteza mpira hata kidogo. Alirudi, akarudi tena, akaruka. Viganja vikafumba. Visigino vikatua ndani ya kamba, kisogo chake shubiri moja tu kutoka kwenye mwavuli.

Uwanja ulilipuka. Mwikwabe alilia waziwazi. Elkanah hakusogea wala hakugeuka. Aliukumbatia mpira, akangoja hukumu.

Phelesia akakohoa. "Leonida," akasema, maana haikufaa amsemeze mkwe mwenyewe, "huyo mwambie hii mchezo sijaelewa hata kidogo. Lakini mwanaume anayenipa heshima mbele ya watu wote hawa, huyo alilelewa na mama. Mwambie ero kamano, asante sana. Na mwambie nakuacha hapa."

"Mama anasema..." Leonida alianza, kicheko kikimkaba.

"Nimesikia," Elkanah akaliambia ziwa, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Uganda ikapanda meli yake kimya. Na watu wa Uriri, wakihesabu miaka, husema hadi leo: kabla ya kisogo cha Elkanah, na baada yake. Magugu aliyang'oa Jumatatu.